Mikono ya Bibi kwa Penseli: Maswali Yenu Kuhusu Katuni ya Kuchora kwa Mkono

Katika toleo lililopita jarida hili lilichapa picha 6 za filamu yangu fupi ya katuni, inayomwonyesha bibi yangu akisuka ukili, ule ukanda wa chane (vipande vyembamba vya majani ya mkindu) unaoshonwa kuwa mkeka, barazani kwake Pangani. Filamu ina dakika 3 na sekunde 20. Niliichora yote kwa penseli juu ya karatasi, mezani kwangu Tanga, usiku baada ya kazi ya mchana, kwa miezi 19. Wengi mkaitafuta filamu yenyewe, mkaitazama kwenye simu, kisha mkaandika. Barua ni nyingi kuliko kurasa nilizopewa. Nimechukua tano, na zile zilizouliza mambo yanayofanana nimezijibu humohumo.

SWALI: Shikamoo dada. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu. Nachora vizuri, hata walimu walikuwa wakiniita kuwachorea ramani ubaoni. Nataka kutengeneza katuni ya dakika 5 kwa mkono kama wewe. Nitahitaji michoro mingapi, na nianzie wapi? (Kijana, Morogoro)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kumaliza. Tuanze na hesabu, maana ndiyo iliyonitoa jasho mwanzoni. Sinema hupitisha fremu 24, yaani picha moja moja zilizotulia, kila sekunde. Sisi tunaochora kwa mkono mara nyingi hatuchori zote 24. Kila mchoro tunauacha ukae fremu mbili, na jicho linaridhika. Kwa hiyo sekunde 1 inakula michoro 12, dakika 1 inakula 720, na dakika zako 5 zinataka michoro 3,600. Hapo una mhusika mmoja tu. Ukichora michoro 6 kila usiku bila kuugua, bila msiba, bila umeme kukatika, ni usiku 600.

Filamu yangu kwa hesabu hiyo ilitaka michoro 2,400. Iliyoingia ni 1,740, kwa sababu kuna mahali bibi ametulia, na kuna mahali mwendo unajirudia, na mwendo unaojirudia unauchora mara moja ukautumia tena. Niliyoitupa sikuihesabu. Najua tu kwamba nilinunua rimu 7 za karatasi na ninayo nusu rimu kabatini.

Anza na sekunde 30, mdogo wangu. Mfaransa Émile Cohl alipotengeneza Fantasmagorie mwaka 1908, filamu isiyofika hata dakika 2, alichora michoro kama 700, akiweka karatasi juu ya kioo chenye mwanga chini yake ili auone mchoro uliotangulia. Mtu wake ni wa mistari michache sana. Hilo ndilo la kujifunza kwake. Mtu wa mistari michache unaweza kumchora mara 700 na akabaki yuleyule. Mtu mwenye shati la maua utamchoka kabla ya mara ya 30, na kila ua litakuwa linarukaruka kifuani mwake.

Mimi nilijifunza kwa kanga. Bibi aliposikia namchora alitaka avae kisutu, kanga yake ya tangu harusi, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe. Anayeijua kisutu anajua jinsi ilivyojaa. Nilijaribu. Michoro 12, sekunde 1 tu, ilinichukua usiku nne, na nilipoipitisha ile kanga ilikuwa ikichemka kama maji ya ugali huku bibi mwenyewe ametulia. Nikarudi Pangani kumwomba radhi. Tukakubaliana avae kanga ya rangi moja yenye mstari wa pindo tu, na kisutu akaipata kwenye picha ya mwisho, ambayo haina mwendo wowote. Niliichora mara moja, kwa siku tisa. Hakuna mchoro nilioufanya kwa mapenzi kuliko huo.

Kabla ya hayo yote chora storibodi: vijipicha vidogo, kimoja kwa kila tukio, haraka haraka. Vipige picha kwa simu, vipange kwa mfuatano, kila kimoja kikae kwa muda unaodhani kitakaa kwenye filamu. Hiyo inaitwa animatiki. Tazama mara nyingi, na watu wengine watazame. Mimi nilikuwa na matukio 31. Baada ya wiki mbili za kutazama niliondoa 12, pamoja na lile nililolipenda kuliko yote, la watu wakivuka na kivuko kwenda Bweni na baiskeli zao. Maji, chombo, watu tisa, magurudumu. Lingenila miezi minne, na filamu ilikuwa inakwenda vizuri bila hilo. Kufuta kijipicha ni kazi ya dakika moja. Michoro 300 iliyokwisha kamilika hutaweza kuifuta, utailazimisha ibaki hata kama inaiharibu filamu.

SWALI: Dada, habari za huko. Mimi ni msusi wa mikeka, nilifunzwa na mamangu Lamu, sasa naishi Mombasa. Mpwa wangu alinionyesha filamu yako. Mikono ile inasuka kweli, haiigizi. Kuna pahali bibi anasita kidogo halafu anaendelea, nikasema naam, hapo chane imemkatikia. Umewezaje kuyachora hayo na wewe si msusi? (Msusi, Mombasa)

JIBU: Njema sana dada yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na nyingine nikamsomea bibi kwa simu. Wewe ndiye mtazamaji niliyekuwa namwogopa, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Sikuweza mara ya kwanza. Nilimrekodi bibi akisuka kwa saa nzima, nikarudi Tanga nikatazama polepole na kuanza kuchora. Nilikuwa nimefikisha michoro 214 ya mikono nilipompelekea kipande cha kwanza. Aliitazama simu kwa muda mfupi tu. Akasema, “Huyo si mimi. Huyo anasuka kwa kushoto.” Nilikuwa nimerekodi kwa kamera ya mbele ya simu ili aweze kujiona, na kamera ile ilikuwa imegeuza picha kama kioo. Mkono wa kulia ulikuwa kushoto, na mimi niliyekulia mapajani mwake nilichora karibu miezi miwili bila kuliona hilo.

Dawa yake ilikuwa kuigeuza kila karatasi upande wa nyuma juu ya meza ya taa, yaani kioo chenye mwanga chini yake, na kuinakili upya. Michoro 214. Ni katika kuinakili ndipo nilipoona tatizo kubwa kuliko lile la kushoto. Nilikuwa nimegawa mwendo sawasawa. Mkono ukitoka pembeni ya ukili mpaka upande wa pili ni sentimita 8 kwenye karatasi yangu, nami nilikuwa nimeweka michoro 8, kila mmoja umesogea sentimita moja. Ukiutazama ulikwenda kama waipa ya gari. Kila mchoro peke yake ulikuwa mzuri, kidole kimekaa, kucha zipo, mishipa ipo, lakini hakuna aliyekuwa anasuka.

Norman McLaren, Mskoti aliyefanya kazi yake kubwa kwenye Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, alikuwa akifundisha kwamba kinachotokea kati ya fremu moja na nyingine kina uzito kuliko kilichomo ndani ya fremu yenyewe. Nilikuwa nimelisoma hilo zamani nikalipita. Safari hii nilikwenda Pangani, nikakaa barazani siku tatu bila simu wala penseli, nikatazama tu. Mkono wa bibi hauendi sawasawa hata kidogo. Unaondoka taratibu sana, kama unaaga. Halafu unaruka. Halafu unafika mapema na kukaa pale, kidole gumba kikikandamiza.

Basi nikachora hivi. Mchoro wa kwanza, wa pili na wa tatu vimetofautiana kwa unene wa ncha ya penseli, ukivipanga juu ya taa unadhani ni mchoro mmoja wenye kivuli. Wa nne umeruka karibu sentimita 3. Wa tano umeruka tena hivyohivyo, na huo nimeuchora vidole vimefifia, vimevutwa, vibaya kabisa ukiutazama peke yake. Wa sita umekaribia kufika. Wa saba na wa nane vimebanana, gumba limeshuka kiduchu. Michoro ni 8 ileile, muda ni uleule, theluthi mbili za sekunde. Nilipoipitisha saa nane usiku nilimwona bibi. Nililia, sioni haya kusema.

Sasa pale anaposita. Umeona sawasawa, ila chane haijakatika. Kwenye video niliona mkono umesimama, nami nikadhani amechoka au amesikia mtu anapita. Nilipomuuliza alinishangaa. Ile chane ilikuwa na ufa, gumba likauhisi kabla haujaachia. Nikarudi kutazama, fremu baada ya fremu, na kweli: badala ya kukandamiza, gumba linarudi nyuma. Ni mwendo mdogo usiozidi punje ya mchele. Nikaongeza michoro mitatu ya gumba linalorudi, kisha kimya cha karibu sekunde nzima, kisha anaunga chane mpya. Watazamaji wengi hapo huona mzee anapumzika. Wewe umeona kazi.

Na kimya kile nacho kina michoro. Ukiuacha mchoro mmoja usimame sekunde nzima baada ya michoro inayotembea, mtu anakufa mbele yako, anageuka picha ya ukutani. Kwa hiyo niliunakili mara tatu, mstari juu ya mstari kwa uangalifu wote, nikaizungusha: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa kwanza tena. Mkono wa binadamu hauwezi kunakili sawasawa, na zile tofauti ndogo zinaufanya mstari utetemeke kidogo. Bibi ametulia, lakini anapumua.

SWALI: Siku hizi unaandika sentensi moja na kompyuta inakutolea video nzima. Kwa nini mtu ateseke miezi 19? (Mfanyakazi wa matangazo, Dar es Salaam)

JIBU: Kompyuta naitumia, na ninaipenda. Michoro yote niliisafisha kwenye OpenToonz, programu ya bure tangu mwaka 2016, iliyotokana na programu ya Toonz ambayo hata Ghibli, studio ya katuni ya Japani, imekuwa ikiitumia. Mandhari ya baraza niliyapaka rangi kwa Krita, nayo ni ya bure. Nani anataka kurudi enzi za Winsor McCay, mchora katuni wa Marekani? Kwenye filamu yake ya dinosaria Gertie ya mwaka 1914, milima na mawe ya nyuma yalinakiliwa upya kwenye kila mchoro, maelfu ya mara, na kijana aliyemsaidia ndiye aliyebeba mzigo huo. Mimi baraza nililichora mara moja.

Lakini swali lako ni la haki, na jibu langu ni hili. Kuna usiku nilikuwa nachora uso, nikafika kwenye mboni za macho. Nikakwama. Bibi anaposuka anatazama wapi? Maisha yangu yote nilikuwa nasema bibi husuka bila kutazama. Penseli ikanikatalia, kwa sababu mboni lazima ziwekwe mahali. Nikapiga simu asubuhi. Akasema anatazama nyuma, ule ukili uliokwisha sukwa, maana kosa huonekana huko kabla halijaonekana vidoleni. Nina miaka 41 na hilo sikuwa nalijua. Mashine ingeziweka mboni mahali fulani, pengine pazuri tu, nami ningepokea na kuendelea, na bibi angebaki nisiyemjua.

Kuhusu waliosema katika barua zao kwamba katuni za kuchora ni mambo ya Wazungu na Wajapani: Moustapha Alassane wa Niger alitengeneza Bon Voyage Sim mwaka 1966, katuni ya vyura, rais wao akienda ziara nchi jirani. Ni miaka karibu 60 sasa tangu Mwafrika huyo akae na karatasi zake akachora. Itafuteni. Ni fupi, na bado inakata.

SWALI: Ni kosa gani lililokuuma zaidi, ili na sisi tusilirudie? (Mwanafunzi wa sanaa, Unguja)

JIBU: La skana. Nilipofikisha michoro 600 nilizipeleka karatasi kwenye duka moja la steshenari zikaskaniwe, kwa kuwa mashine yao inameza karatasi nyingi kwa mkupuo. Nililipa, nikapewa faili kwenye flashi, nikaenda nyumbani na furaha. Kumbe mashine ile imewekwa inyooshe kila ukurasa na kukata kingo zake yenyewe. Kwa barua za ofisini ni jambo jema. Kwa katuni ni maafa. Sisi hutoboa matundu kwenye ukingo wa kila karatasi na kuichomeka kwenye vijiti, ili michoro yote ikae sehemu moja. Matundu hayo lazima yaonekane kwenye skani, maana ndiyo programu inayoyafuata kupanga karatasi moja juu ya nyingine. Mashine ilikuwa imeyakata yote. Bibi alikuwa anarukaruka barazani kama yuko kwenye daladala la barabara mbovu.

Niliskani upya zote 600 nyumbani, moja moja, kwa skana ndogo ya kuazima, wiki tatu. Na ilikuwa masika, karatasi zimevuta unyevu na kujikunja, ikabidi kila bunda lilale chini ya ubao na tofali usiku mzima kwanza. Kwa hiyo: skani mchoro 10 tu, zipange, zitazame, ndipo uendelee. Zima kila kitu kinachojiita cha moja kwa moja. Na andika namba kwenye kona ya kila karatasi kabla hujachora chochote juu yake. Mimi niliangusha bunda moja lisilo na namba, na jioni nzima ilipotea nikitafuta mkono upi unatangulia mkono upi.

SWALI: Hujambo mwanangu. Nina kitinda mimba yuko darasa la tano. Daftari lake la hisabati kila kona amechora mtu anakimbia, ukizipeperusha kurasa kweli anakimbia. Mwalimu ameniita. Nimkataze? (Mama, Dodoma)

JIBU: Sijambo mama, shikamoo. Daftari la hisabati lirudi kwenye hisabati, mwalimu ana haki yake. Lakini mtoto mnunulie daftari lake jingine, dogo, la karatasi nyepesi, na umwambie aanze ukurasa wa mwisho akija mbele. Akichora hivyo, mchoro uliotangulia utakuwa chini ya karatasi mpya na atauona ukipenya, hatabahatisha.

Akitaka meza ya taa msinunue. Chukueni kioo cha dirisha la zamani, kingo zake mzizungushie utepe wa gundi zisimkate, kiwekeni juu ya matofali mawili, chini tochi au taa ya kuchaji, na karatasi nyeupe ibandikwe chini ya kioo ili mwanga usimuumize macho. Yangu ya kwanza ilikuwa hivyohivyo, na sehemu ya filamu hii nimeichorea hapo.

Mtu anayekimbia ni mgumu, na amempata mwenyewe bila kufundishwa, kwa hiyo ana jicho. Sasa mpe mpira unaodunda. Juu kabisa, mipira ikaribiane mpaka ipandane. Ukishuka, iachane zaidi na zaidi. Ukurasa mmoja tu, ule unaogusa chini, aubonyeze mpira uwe bapa kama chapati, na ukurasa unaofuata urudi mviringo ukiwa tayari umepaa. Kurasa 20 zinamtosha. Kisha mwambie achore mpira wa pili mzito, wa jiwe, kwa kurasa 20 nyingine, bila kubadili ukubwa wala rangi. Akikuonyesha ukajua lipi jiwe bila kuambiwa, niandikie tena, mama. Nitamtumia ile nusu rimu iliyobaki kabatini kwangu.